Mchagua Jembe si Mkulima?

Kila mwaka, wanafunzi wetu wa ualimu warejeapo kutoka katika mazoezi ya kufundisha, hutujia na swali moja. Huuliza: "Ni zana ipi ya kufundishia iliyo bora kupita zote?" Mmoja ameona ramani kubwa ya rangi dukani, mwingine ameona mizani ya kupendeza, na mwingine ameambiwa kwamba pasipo kompyuta hapana somo. Swali lao ni la haki, maana pesa za shule ni chache, na kosa lililofanywa siku ya kununua hukaa kabatini miaka mingi likimtazama mwalimu. Hata hivyo hatulijibu upesi. Huwasimulia kwanza habari za chombo ambacho hapana shule ya msingi itakayokihitaji, nacho ni mashine ya kusukumia fedha, na jinsi sisi, watu wazima wenye vyeti, tulivyokichagua vibaya. Katika makala haya twapenda kuisimulia habari hiyo kwa ukamilifu, ili nawe, mwalimu mtarajiwa, uipime mwenyewe.

Yafaa tueleze tangu mwanzo kwamba neno fedha humu lina maana ya madini meupe ya masonara. Zile za kununulia tutaziita pesa.

Sisi ni walimu wanne wa chuo kimoja cha ualimu. Mmoja hufundisha hisabati, mmoja sayansi, mmoja lugha, na mmoja sanaa na kazi za mikono. Kwa miaka kadhaa tumekuwa na desturi ya kukutana Jumamosi alasiri katika karakana ya chuo, si kwa kazi ya mwajiri bali kwa burudani yetu, tukitengeneza mapambo: pete, vipuli, mikufu na bangili. Tulianza kwa waya wa shaba uliotupwa na mafundi wa umeme. Baadaye tukajaribu shaba ya njano, na mwishowe tukapata ujasiri wa kugusa fedha. Zana zetu zilikuwa nyundo mbili, kipande cha reli kilichotumika kama fuawe, tupa, koleo, taa ya gesi, na chamburo la kuazima, yaani lile bamba la chuma lenye matundu yanayopungua ukubwa, ambalo masonara hulitumia kuvutia waya.

Tatizo letu lilikuwa kupata bamba lililo sawasawa. Kipande cha fedha kinachotoka katika kalibu huwa na unene wa milimita sita hivi, ilhali bangili nyembamba huhitaji milimita moja na nusu. Kukifikisha huko kwa nyundo kulitumaliza alasiri nzima, na mwisho wake bamba lilikuwa na mabonde na vilima kama njia iliyopigwa na mvua. Siku moja mwenzetu wa sayansi alisema, huku akipangusa jasho, kwamba burudani yetu ilikuwa inaelekea kuwa adhabu. Hapo ndipo tulipokata shauri kununua mashine. Tulichanga kiasi kidogo kila mwisho wa mwezi, na baada ya miezi kumi na mmoja kibweta chetu kilikuwa na pesa za kutosha. Pesa hizo zilikuwa za watu wenye watoto shuleni na wazee wa kuwatunza. Twalitaja jambo hilo ili lisidhaniwe kuwa lilikuwa mchezo mtupu.

Kwa msomaji asiyepata kuiona mashine ya namna hiyo, si vigumu kuieleza. Sote tumemwona mpishi akisukuma chapati kwa mti wake juu ya kibao. Sasa fikiri miti miwili ya namna hiyo, si ya mbao bali ya chuma cha pua kilichokomazwa na kung'arishwa, imelazwa mmoja juu ya mwingine katika kiunzi kizito, na mkono wa kuizungusha, huu ukienda huku na ule ukienda kule. Miti hiyo ndiyo rola. Fedha huingizwa katikati, nazo rola huivuta na kuibana hata itokee upande wa pili ikiwa nyembamba zaidi na ndefu zaidi. Juu ya kiunzi kuna skrubu za kushusha rola ya juu, ili nafasi ipungue kila safari. Ziko mashine zenye rola bapa tupu, zifaazo kwa mabamba. Ziko zenye mifereji ya mraba, zifaazo kwa waya. Na ziko zilizounganisha bapa na mifereji katika rola zile zile. Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1783 Mwingereza Henry Cort alipewa hataza ya kusukuma chuma kwa rola zenye mifereji, na mashine ya mezani ya sonara ni mjukuu mdogo wa mashine hizo kubwa.

Basi, tulichaguaje? Tulikaa mezani tukiwa na picha na orodha za bei. Mwenzetu wa hisabati alichora jedwali zuri, akagawanya bei ya kila mashine kwa upana wa rola zake, akapata bei ya kila milimita moja. Kwa hesabu hiyo mashine moja ilizishinda zote. Rola zake zilikuwa bapa, zenye upana wa milimita 130, na mkono wake ulishikamana na rola yenyewe bila gia yoyote katikati. Mwenzetu wa sayansi aliusifu ung'aavu wake katika picha. Mwenzetu wa lugha aliyapenda maelezo yake, hasa pale yaliposema kwamba yafaa kwa kila kazi. Mwenzetu wa sanaa peke yake aliuliza kwa sauti ya chini, "Lakini sisi tutasukuma nini?" Yule wa hisabati akajibu, "Tutasukuma kila kitu," kisha akamfunga mdomo kwa methali: "Mchagua jembe si mkulima." Tukacheka, tukaagiza.

Mashine ilipofika tuliifunga kwa parafujo nne juu ya dawati la zamani. Tukaingiza kipande cha shaba, mmoja wetu akauvuta mkono, na dawati likatembea. Ikawa wawili wanalishika dawati, mmoja anazungusha, na mmoja analisha. Bamba la kwanza lilitoka limepinda ubavuni kama jambia. Tukaligeuza, likapinda zaidi. Tulimlaumu muuzaji kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa katika jarida la walimu, ijapokuwa, kama utakavyoona, muuzaji hakuwa na hatia.

Laiti mambo yangekomea hapo, tungekuwa tumepoteza pesa tu. Katika siku hizo hizo mama mzazi wa mwenzetu wa lugha alileta kikuku chake. Kilikuwa kikuku cha fedha alichovishwa siku ya harusi yake, nacho kilikuwa kimepasuka mahali pawili hata hakivaliki tena. Alikuwa amesikia kwamba tuna mashine. Akataka kikuku kile kizae bangili mbili nyembamba, kwa wajukuu wake wawili wa kike, ili kila mmoja avae nusu ya harusi ya bibi yake. Alikivua katika kitambaa, akakiweka juu ya meza, akaondoka bila kuomba hati yoyote. Nasi tukakipokea bila kukipima.

Tulikiyeyusha, tukaimimina fedha katika kalibu, tukapata mchi mnene kiasi cha kidole. Safari ya kwanza katika mashine ilikwenda vyema, na ya pili vivyo hivyo. Katika safari ya tatu kingo zilianza kuchanika, kama kingo za chapati ya unga mkavu. Mmoja wetu akashauri tukaze skrubu zaidi, tumalize upesi. Katika safari ya tano mchi ulitoa mlio mkali, na ncha yake ikaachana pande mbili, juu na chini, kama mdomo wa mamba.

Tulikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha mmoja akasema, si kwa ubaya bali kwa hofu, kwamba fedha ni fedha, na kwamba tungeweza kununua nyingine, tukafanya bangili mbili, na mama asijue. Mwenzetu wa lugha alitikisa kichwa. "Bangili atazipokea," akasema, "lakini hazitakuwa kikuku chake." Jioni ile tulikwenda sote wanne nyumbani kwa mama, tukamweleza. Alivitazama vipande, akavikusanya kiganjani, akaturudishia. "Basi tafuteni anayejua," akasema. Hakusema zaidi.

Katika miji yetu ya pwani, kama Lamu, Mombasa na Unguja, usonara ni kazi ya vizazi vingi. Katika mji mmoja wa pwani, mwendo wa saa chache kutoka chuoni kwetu, tuliongozwa hadi kwa sonara mmoja mzee. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha tuketi. Alikichukua kipande kilichopasuka, akakigeuza penye mwanga, akauliza swali moja tu: "Walimu, mliipumzisha mara ngapi?"

Hatukumwelewa. Akaeleza. Fedha, kama shaba na dhahabu, ina fuwele ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila ifuliwapo au isukumwapo, fuwele hizo hupondeka na kusongana, hata madini yakawa magumu na yasikubali tena kunyooka. Ukizidi kuyasonga, yatapasuka. Dawa yake ni moto. Hupashwa sawasawa mpaka yakawa mekundu kwa wekundu hafifu uonekanao kivulini tu, ambao kwa fedha iliyochanganywa na shaba ni kiasi cha nyuzi 600 hadi 650 za Selsiasi. Kisha huzimishwa majini, na hapo huwa laini kama mwanzo. Aliita jambo hilo kupumzisha, nasi tangu siku ile hatujaliita kwa jina jingine. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: unene ukishapungua kwa nusu, ipumzishe. Sisi hatukuipumzisha hata mara moja.

Kisha akauliza, "Kilikuwa na uzito gani?" Tuliposema hatujui, uso wake ulibadilika kuliko alipoiona fedha iliyopasuka. "Sonara hupima mbele ya mwenye mali," akasema, "kabla ya moto, na tena baada ya moto. Mashine hununuliwa. Jina halinunuliwi." Akaviweka vipande katika mizani yake, vikawa gramu 40. Alikisia kuwa kikuku kama kile kilifuliwa zamani kwa fedha ya reale. Reale ya Maria Theresa, ambayo huandikwa mwaka 1780 hata iwe imepigwa miaka mingi baadaye, ina uzito wa gramu 28 hivi, na kati ya sehemu 1000 za uzito wake, 833 ni fedha halisi. Sehemu zinazobaki, ambazo kwa kiasi kikubwa ni shaba, ndizo zinazoipa ugumu.

Tulimwomba ushauri: "Fundi, tununue mashine ipi?" Alitazama upande wa mashine yake mwenyewe. Ilikuwa ndogo na ya zamani, na sehemu yake bapa haikupita upana wa vidole vitatu. Ilikuwa imefungwa juu ya gogo zito lililochimbiwa sakafuni. Hakutaja aina wala bei. Aliuliza: "Mnatengeneza nini? Kinaanza na unene gani, na kinaisha na unene gani?" Tulipobabaika alituambia tuje Jumamosi tatu.

Jumamosi ya kwanza hakuturuhusu kuigusa mashine. Alimpa kila mmoja wetu kipande cha shaba na nyundo, akatuagiza tufue tukisikiliza. Baada ya muda tuliitambua sauti ya shaba iliyochoka, ambayo hulia juu zaidi kuliko ile iliyopumzika, na mkono nao ukaitambua kwa jinsi nyundo inavyoruka. Jumamosi ya pili tulisukuma shaba kwa mashine yake, tukiikaza skrubu kidogo kidogo, na kila safari tukipitisha kwa mwelekeo ule ule. Jumamosi ya tatu alituachia fedha ya mama. Tuliiyeyusha upya tukaimimina katika kalibu ya mraba wa milimita sita. Kabla ya kuanza, mwenzetu wa hisabati aliomba karatasi.

Hesabu yake tutaiandika hapa, kwa kuwa ndiyo iliyotufungua macho. Fedha ya namna ile ina uzito wa gramu kumi na kitu kidogo kwa kila sentimita moja ya ujazo. Gramu 40 basi ni kiasi cha sentimita 4 za ujazo, yaani milimita 4000 za ujazo. Mchi wenye mraba wa milimita 6 kwa 6 una uso wa milimita 36 za mraba, kwa hiyo urefu wake ni milimita 111. Ukisukumwa mpaka unene wa milimita 3, na upana usipozidi sana, urefu utakuwa 222. Ukipumzishwa na kusukumwa tena mpaka milimita 1.5, urefu utakuwa 444. Bangili moja huhitaji milimita 190, na mbili 380, hivyo hubaki akiba ya kukata ncha na kupiga tupa. Alipofika hapo aliiweka kalamu chini. "Upana tunaouhitaji ni milimita sita," akasema polepole, "nasi tulilipia 130."

Hatukumcheka, kwa kuwa sote tulikuwa tumelipia. Jedwali lake la kwanza halikuwa na kosa la hesabu hata moja. Lilijibu kwa usahihi swali ambalo halikuwa letu.

Tuliporudi chuoni tuliijua kazi yetu, na kuchagua kukawa rahisi. Kwa faida ya msomaji apendaye kazi hii, au atakayeombwa ushauri na jirani, tutaeleza mambo tuliyoyatazama.

Kwanza, tulitazama kazi. Bangili, pete na mikufu yetu huanza na waya na tepe nyembamba, si mabamba mapana. Kwa hiyo tulichagua rola za milimita 110 ambazo nusu yake ni bapa na nusu nyingine ina mifereji ya mraba. Waya husukumwa katika mfereji mmoja baada ya mwingine, ukizungushwa robo kila safari ili usiote mbawa ubavuni, na baadaye humalizwa kwa chamburo ukitakiwa kuwa wa mviringo.

Pili, tulitazama nguvu. Tulitafuta mashine yenye gia, ambayo mkono huzunguka mara kadhaa ili rola zizunguke mara moja. Kazi huenda polepole, lakini mtu mmoja huimudu. Mota ya umeme hatukuitaka, maana asiyeijua kazi hana sababu ya kukosea kwa kasi zaidi.

Tatu, tulitazama ulinganifu. Katika mashine ya kwanza kila upande ulikuwa na skrubu yake, na kila moja ilikazwa peke yake. Sisi tulikuwa tumezikaza bila kuzilinganisha. Upande uliobanwa zaidi hurefuka zaidi, na ndiyo sababu shaba yetu ilipinda kama jambia. Katika mashine ya pili skrubu zote mbili huongozwa na gurudumu moja, lenye alama za kuhesabia. Hata hivyo tuliijaribu kabla ya kulipa. Tulizikutanisha rola taratibu, tukatazama kama mwanga unaopenya kati yake ni sawa toka mwanzo hadi mwisho, kisha tukasukuma utepe mwembamba wa shaba kuona kama utatoka umenyooka.

Nne, tulitazama mahali pa kuifunga. Mashine nzuri juu ya meza dhaifu ni mashine mbovu. Tulijenga benchi la mbao nene, tukalifunga ukutani na sakafuni, kabla ya mashine kuletwa.

Tano, tulitazama matunzo. Rola zikipata kutu au mikwaruzo, kila bamba litakalopita litabeba alama hiyo. Kwa hiyo fedha iliyozimishwa majini au kusafishwa kwa tindikali iliyozimuliwa hukaushwa kabisa kabla ya kuingizwa. Chuma cha pua hakipiti kati ya rola hata kidogo. Na baada ya kazi rola hufutwa na kupakwa mafuta membamba. Kadhalika, mwenye mtandio mrefu au mikono mipana ya kanzu huifunga kwanza, na vidole hubaki mbali na mahali fedha inapoingilia.

Mashine ya kwanza tuliiuza, kwa hasara, kwa fundi achoraye picha za kugonga katika mabamba mapana na membamba ya shaba laini. Tulimweleza dosari zote tulizoziona. Alicheka, akasema kwamba kwake upana ndio wote, na kusawazisha skrubu mbili ni kazi ya dakika moja. Hata leo anaitumia, naye huisifu. Mashine ile haikuwa mbaya. Tuliyemkosea ni sisi wenyewe, kwa kununua jibu kabla ya kuwa na swali.

Sasa turudi darasani. Mwenzetu alituambia kwamba mchagua jembe si mkulima, nasi tukaielewa methali hiyo kana kwamba inakataza kuchagua. Lakini methali humsuta yule anayetafuta visingizio vya majembe ili asiingie shambani. Haimkatazi mkulima kulijua jembe lake. Aliyelima ndiye ajuaye kama udongo wake ni wa kichanga au wa mfinyanzi, na kama mpini umfae mrefu au mfupi. Jembe lafaa lichaguliwe, ila lichaguliwe na mkono uliokwisha kushika udongo.

Kwa hiyo, mwalimu mtarajiwa, kabla hujaomba zana yoyote kwa mkuu wako wa shule, jiulize maswali ya yule sonara. Watoto wangu watafanya nini? Wanaanzia wapi, na ninataka wafike wapi? Watapumzishwa wapi kati ya mwanzo na mwisho? Swali la mwisho ndilo lisahaulikalo. Mara nyingi tumemwona mwalimu kijana akiona kwamba darasa limeanza kuchanika kingoni, watoto wawili wa nyuma wamepotea, kisha akakaza skrubu ili amalize mada upesi. Nasi tulifanya hivyo, nasi tuliisikia fedha ikilia.

Fundisha kwanza somo lako kwa vitu vilivyopo. Baada ya hapo utajua ni kitu gani hasa kilichopungua. Mmoja wa wanafunzi wetu wa ualimu, baada ya kuisikia habari hii, alifundisha ujazo katika Darasa la Tano bila zana ya kununua. Aliwapa watoto udongo wa mfinyanzi, wakafinyanga mche wenye sentimita 4 kila upande. Waliulaza kati ya vibao viwili ili usipanuke, wakausukuma kwa chupa tupu ya soda mpaka unene wa sentimita 2. Kabla ya kupima, kila mtoto aliandika urefu anaoutarajia. Wengi waliandika 6, kwa kuwa walidhani kwamba kilichopungua juu huongezwa mbele vile vile. Walipopima walikuta karibu na 8. Baadhi walipata saba na nusu, na ubishi juu ya ile nusu iliyokosekana, iliyokuwa imenata kwenye chupa na kupanda juu ya vibao, ukawa ndio somo lenyewe. Mwishoni mwalimu yule alituambia kwamba sasa anajua anachohitaji: rula ishirini zilizo sahihi, si zaidi. Hilo lilikuwa ombi la mtu aliyelima.

Imebaki habari ya mama. Bangili zilipokamilika tulizipeleka kwake pamoja na mizani ndogo. Tulipima mbele yake. Bangili mbili zilikuwa gramu 34. Vipande na unga wa tupa, vilivyofungwa katika karatasi, vilikuwa gramu 5. Tukamwambia kwamba gramu moja haionekani, imepotea katika moto na katika mikono yetu, na kwamba uzito wa kikuku chenyewe hatukuupima siku alipotupa, kwa hiyo hata hesabu hiyo inaanzia kwenye vipande tu.

Alizivaa bangili zote mbili katika mkono mmoja, akazisikiliza zikigongana. Kisha akaifunga ile karatasi katika ncha ya khanga yake.

"Hiyo gramu moja," akasema, "ni ada yenu ya shule."